Seva inamwamini nani? Kushiriki faili kwenye Linux bila kuanika vitambulisho vya wateja

SWALI: Habari ya kazi, mtaalamu. Nina saiba na duka la uchapaji hapa Kondele, Kisumu. Tuna kompyuta tano za Linux Mint na moja ya Windows 10 ya hesabu. Kazi zote zinakaa kwenye kompyuta moja. Folda yake niliishiriki kwa kubofya kulia, nikaruhusu wageni na kuweka chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) kwa sababu kila mara ilikuwa inakataa. Juzi mteja aliyekuwa kwenye waifai yetu alinionyesha kwenye simu yake vitambulisho na vyeti vya wateja wengine. Kijana anayenisaidia anasema tuachane na Samba (programu inayoishiriki folda hiyo) tuhamie NFS (njia nyingine ya kushiriki faili), kwamba ndiyo ya Linux na ni salama zaidi. Ni kweli? Tena dada yangu amefungua tawi Kakamega na angependa kuifikia folda hiyo hiyo.

JIBU: Kazi ni nzuri, ndugu yangu. Kwanza funga hiyo folda leo, halafu ndiyo tuzungumze. Ukishiriki kwa kubofya kulia, Mint haiandiki chochote ndani ya smb.conf (faili ya mipangilio ya Samba), inaweka faili ndogo ndani ya /var/lib/samba/usershares. Ndiyo maana mtu husafisha smb.conf nzima, kisha anashangaa folda bado iko hewani. Kwenye terminali ya kompyuta hiyo:

    sudo net usershare list --long
    sudo net usershare delete JINA_LA_FOLDA
    sudo systemctl restart smbd

Usiruke ile amri ya tatu. Kufuta peke yake hakuwatoi waliokwisha kuingia.

Jambo la pili si la kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inakupa saa 72 tangu ulipojua ili umjulishe Kamishna wa Data, ikiwa mtu asiyeruhusiwa amezifikia taarifa za watu na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Nakala za vitambulisho mikononi mwa mgeni si jambo dogo. Ukichelewa, taarifa yako ieleze sababu za kuchelewa.

Sasa NFS. Kijana wako ana haki kwamba ni ya nyumbani kwa Linux, ni nyepesi na ina kasi. Kwamba ni salama zaidi, hapana. Ikiwekwa kama watu wengi wanavyoiweka, NFS haimuulizi mtu jina wala neno la siri. Inaiuliza kompyuta inayoomba: huyu aliyeketi kwako ana namba gani ya mtumiaji? Kompyuta ikijibu 1001, seva inaamini ni 1001. Tuseme kitambulisho.pdf kwenye seva ni ya mtumiaji 1001. Anakuja mtu na laptopu yake, ambayo yeye mwenyewe ndiye root (msimamizi mkuu), anaipachika folda yako (mount) kwenye /mnt/kazi, kisha:

    sudo useradd -m -u 1001 yeyote
    sudo -u yeyote cat /mnt/kazi/kitambulisho.pdf

Faili inafunguka. Hajavunja kitu, amejitungia namba tu. Ile kinga ya root_squash ambayo NFS huja nayo inazuia namba 0 peke yake, yaani root; namba nyingine zote zinapita. Utaniambia utaruhusu anwani za IP za kompyuta zako tano pekee. Sawa, lakini mtu akichomoa kebo ya kompyuta iliyozimwa na kujipa anwani yake, amekuwa kompyuta hiyo. Na kuna mtego mwingine kwenye /etc/exports, faili inayosema NFS inashiriki folda gani na nani. Tazama mistari hii miwili:

    /srv/kazi 192.168.10.21(rw)
    /srv/kazi 192.168.10.21 (rw)

Tofauti ni nafasi moja kabla ya mabano. Mstari wa kwanza unaipa kompyuta moja ruhusa ya kusoma na kuandika. Wa pili unaipa kompyuta hiyo ruhusa za kawaida, halafu unaipa dunia nzima ruhusa ya kuandika. Jicho lililochoka usiku wa kuchapa programu za mazishi haliioni nafasi hiyo.

NFS yenye ulinzi wa kweli ipo: unaweka sec=krb5p, Kerberos inathibitisha mtu ni nani na kila kinachopita kwenye waya kinasimbwa, yaani kinageuzwa kisisomeke na mwingine. Lakini hiyo inataka seva ya Kerberos, faili ya ufunguo kwa kila kompyuta, na saa za kompyuta zote zisipishane zaidi ya dakika tano. Kwa kompyuta sita, tena moja ikiwa ya Windows, huo ni mzigo usio na faida. Baki na Samba. Samba humuuliza mtu, si kompyuta. Ile yako ilinyamaza kwa sababu uliiambia isiulize.

Kabla ya kugusa mipangilio yake, tazama mtandao wako ulivyopangwa, maana fayawoli haisaidii kitu mteja akiwa kwenye mtandao mmoja na seva. Ruta yako ikiwa na waifai ya wageni, iwashe, wape wateja hiyo, kisha ubadilishe neno la siri la ile ya zamani. Isipokuwa nayo, utahitaji ruta ya pili, na hapa wengi wanaipanga kinyume. Wanachomeka ruta mpya nyuma ya ile ya kampuni ya intaneti, wanawapa wateja waifai ya hiyo mpya, wakidhani wamewatenga. Ruta huzuia wanaotoka nje wasiingie ndani. Wanaotoka ndani kwenda nje inawaachia. Kwa mteja aliye nyuma ya ruta ya pili, ofisi yako ndiyo "nje". Anapita bila kizuizi. Geuza: wateja wabaki kwenye ruta ya mbele, nawe uwe nyuma ya ruta ya pili pamoja na seva na kompyuta zote za kazi, kwa kebo. Mtandao wa ndani uupe anwani zake, tuseme 192.168.10.x, na kwenye ukurasa wa ruta uifungie seva anwani moja isiyobadilika, hapa 192.168.10.5. Ukimaliza, unga laptopu kwenye waifai ya wateja ujaribu kama poti 445, mlango wa Samba, inafikika:

    nc -zv -w 3 192.168.10.5 445

Ikisema imefaulu, mpangilio bado una tundu. Usiendelee mpaka ikatae.

Ukiwa hapo, angalia kebo na swichi. Kebo iliyobanwa nyaya nne badala ya nane haiwezi gigabiti, inashuka hadi megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 au 12 kwa sekunde. Bango la megabaiti 200 linachukua sekunde 17 hivi kufunguka badala ya mbili, na lawama zote anatupiwa Samba.

Sasa seva. Usishiriki folda iliyo ndani ya /home ya mtu. Tengeneza mahali pake. Ninapendekeza folda mbili, kwa sababu bango la harusi na nakala ya kitambulisho si vitu vya kulindwa kwa kufuli moja: kazi kwa wafanyakazi wote, na wateja kwa wale wawili au watatu wanaoshughulika na fomu.

    sudo apt install samba
    sudo groupadd kazi
    sudo groupadd wateja
    sudo mkdir -p /srv/kazi /srv/wateja
    sudo chown root:kazi /srv/kazi
    sudo chown root:wateja /srv/wateja
    sudo chmod 2770 /srv/kazi /srv/wateja

Hiyo 2770 ndiyo dawa ya tatizo lililokufikisha kwenye 777. Folda ilikuwa inakataa kwa sababu kila faili mpya ilikuwa ya aliyeiumba na kikundi chake mwenyewe, kwa hiyo mwenzake akashindwa kuihariri. Tarakimu 2 ya mwanzo inafanya kila kinachozaliwa ndani ya folda kirithi kikundi cha folda. Saba mbili zinampa mwenyewe na kikundi kila kitu, na sifuri ya mwisho inamfungia mtu mwingine yeyote. Faili za zamani ukizihamishia humo zitakuja na ruhusa zao mbovu, kwa hiyo baada ya kuzihamisha:

    sudo chgrp -R kazi /srv/kazi
    sudo chmod -R u=rwX,g=rwX,o= /srv/kazi
    sudo find /srv/kazi -type d -exec chmod g+s {} +

Hiyo X kubwa inaweka ruhusa ya kuingia kwenye folda bila kuzigeuza picha na PDF zako kuwa programu. Lakini ina kasoro moja: faili ambayo tayari ina alama ya kuendeshwa inabaki nayo, na 777 yako iliziwekea zote. Ziondolee kwanza kwa sudo find /srv/kazi -type f -exec chmod a-x {} +, ndipo uendeshe zile tatu za juu. Fanya vivyo hivyo kwa /srv/wateja na kikundi chake.

Kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Akaunti moja ya "ofisi" ambayo kila mtu anaijua itakulazimu kubadilisha neno la siri la duka zima siku mmoja akiacha kazi.

    sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G kazi,wateja akinyi
    sudo smbpasswd -a akinyi

Akaunti hiyo haiwezi kufungua terminali kwenye seva, ni ya faili tu. Neno la siri la Samba linakaa kwenye daftari lake, mbali na la Linux. Ukiona NT_STATUS_LOGON_FAILURE, yaani kukataliwa kuingia, angalia kwanza kama ulisahau smbpasswd. Mtu akiondoka, sudo smbpasswd -d akinyi inamzuia asiingie tena.

Weka nakala ya /etc/samba/smb.conf pembeni, kisha mpya iwe hivi:

    [global]
    workgroup = WORKGROUP
    server min protocol = SMB3_00
    smb encrypt = required
    map to guest = never
    restrict anonymous = 2
    usershare max shares = 0
    disable netbios = yes
    load printers = no

    [kazi]
    path = /srv/kazi
    valid users = @kazi
    read only = no
    hosts allow = 127. 192.168.10.
    create mask = 0660
    force create mode = 0660
    directory mask = 2770
    force directory mode = 2770
    vfs objects = recycle
    recycle:repository = .taka/%U
    recycle:keeptree = yes
    recycle:versions = yes

    [wateja]
    path = /srv/wateja
    valid users = @wateja
    read only = no
    hosts allow = 127. 192.168.10.
    create mask = 0660
    force create mode = 0660
    directory mask = 2770
    force directory mode = 2770

Mistari michache inastahili maelezo. map to guest = never ndiyo inayokata mzizi wa tatizo lako: faili inayokuja na Ubuntu au Mint ina bad user hapo, maana yake mtu akitaja jina lisilojulikana, badala ya kukataliwa anageuzwa mgeni. usershare max shares = 0 inazima kabisa kule kushiriki kwa kubofya kulia, asije mwingine dukani akarudia. smb encrypt = required inakataa kompyuta yoyote isiyoweza kusimba. Windows 10 inaweza. Windows 7 inaishia SMB 2.1 (SMB ndiyo itifaki ya Samba, na hapa tumetaka toleo la 3 kwenda juu), kwa hiyo haitaingia. Sehemu ya recycle inaweka kilichofutwa ndani ya .taka badala ya kukipoteza, nami sikuiweka kwenye wateja makusudi: nakala ya kitambulisho ikifutwa, ifutike. Tena weka amri hii kwenye cron ya root (ratiba ya amri zinazojiendesha) kila usiku:

    find /srv/wateja -type f -mtime +7 -delete

Siku saba zinatosha mteja kurudi kuulizia fomu yake. Kisichokuwepo hakiibwi.

Tahadhari ya kuandika: ndani ya smb.conf usiweke maelezo mwishoni mwa mstari. Alama ya # inafanya kazi ikianza mstari tu. Ukiiweka baada ya thamani, Samba inaisoma kama sehemu ya thamani. Endesha testparm -s uone inalalamika nini, kisha sudo systemctl restart smbd na sudo systemctl disable --now nmbd. Halafu fayawoli:

    sudo ufw default deny incoming
    sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp
    sudo ufw enable

Kama unaiendesha seva kwa SSH, ruhusu poti 22 kutoka mtandao wa ndani kabla ya ile amri ya mwisho, la sivyo utajifungia nje. Na kama zamani uliwahi kuruhusu Samba kwa watu wote, futa kanuni hiyo. Amri ya sudo ufw status numbered itakuonyesha namba yake.

Kwenye kompyuta za wafanyakazi, folda ya kazi unaweza kuipachika moja kwa moja. Sakinisha cifs-utils, tengeneza folda tupu /mnt/kazi, andika faili /root/.siri-kazi yenye mistari miwili, username=akinyi na password=…, bila nafasi kandokando ya alama ya usawa, uipe chmod 600, kisha kwenye /etc/fstab (orodha ya vinavyopachikwa kompyuta ikiwaka), mstari mmoja usiokatika:

    //192.168.10.5/kazi /mnt/kazi cifs credentials=/root/.siri-kazi,vers=3.1.1,seal,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

nofail na automount ni kwa ajili ya stima. Ikipotea na kurudi, kompyuta za mezani zinaweza kuwaka kabla ya seva. Bila maneno hayo zitakwama zikiisubiri. Seva na swichi zikae kwenye UPS moja. Nimetaja swichi kwa sababu seva inayowaka huku swichi imezima haimsaidii mtu. Stima ikikata wakati LibreOffice iko wazi, utakuta faili iliyofichwa yenye jina kama .~lock.ankara.ods# na ujumbe kwamba hati inatumiwa na mwingine. Hakikisha kweli hakuna aliyeifungua, kisha ifute hiyo ya .~lock tu.

Folda ya wateja usiipachike kwenye fstab hata kidogo. Kila anayeihitaji aifungue kwa Nemo, kile kifungua folda cha Mint, aandike smb://192.168.10.5/wateja, atie neno lake la siri, na asikubali likumbukwe.

Sasa hakikisha. Mfanyakazi mmoja akiwa ameingia, kwenye seva andika sudo smbstatus. Safu ya Protocol Version isome SMB3_11, na ya Encryption isome AES-128-GCM au mfano wake. Ukiona kistari tu hapo, hakuna kinachosimbwa na kuna mstari uliokosewa. Kisha kutoka kompyuta nyingine smbclient -L //192.168.10.5 -N, yaani kujaribu bila jina wala neno la siri. Jibu unalotaka ni kukataliwa.

Makosa utakayokutana nayo wakati wa kupachika ni machache. mount error(13) ni neno la siri, au mtu hayumo kwenye kikundi. mount error(112), Host is down, mara nyingi haina uhusiano na kuzimika. Ni toleo la itifaki halikubaliani. Error(115) au (110) ni fayawoli au anwani ya IP. Kompyuta ikiwa ya mtumba ya zamani na nakala zinakwenda polepole hata kwa kebo nzuri, jaribu grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo kwenye seva. Isipojibu kitu, prosesa hiyo haina msaada wa kusimba ndani yake, kwa hiyo fanya kompyuta nyingine iwe seva. Usiizime sera ya kusimba.

Kama una mashine ya fotokopi inayotuma skani moja kwa moja kwenye folda, huenda hapa ikagoma, kwa sababu nyingi za zamani zinajua SMB1 pekee. Fundi atakuambia uweke server min protocol = NT1. Usikubali: mpangilio huo ni wa seva nzima, unairudisha SMB1 ile ile iliyobeba WannaCry mwaka 2017. Skani kwa flash, au uipe mashine hiyo FTP kwenye folda ya peke yake, ikiruhusiwa kutoka anwani ya mashine hiyo tu.

Mwaka huo huo wa 2017 Samba yenyewe ilipatikana na tundu, CVE-2017-7494, lililomruhusu mwenye uwezo wa kuandika kwenye folda kuendesha programu yake ndani ya seva. Folda yako ya wageni yenye 777 ingekuwa mlango wazi kwake. Kwa hiyo masasisho ya seva yawe ya moja kwa moja. Nakala ya akiba nayo iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili na kuchomolewa baadaye. Kirusi kikiingia kwenye ile Windows ya hesabu kitasimba kila folda inayoweza kuandika, na diski iliyochomekwa muda wote itaenda nayo.

Kuhusu dada yako: usifungue poti 445 kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kwa neno la siri refu namna gani. Tumia WireGuard, njia ya siri (VPN) inayounganisha kompyuta kupitia intaneti. Kwanza linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta yako ya mbele na ile inayoonekana ukiulizia kwenye tovuti. Ya ruta ikianza na 10. au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma anawachanganya wateja wengi chini ya anwani moja na huwezi kufikiwa kutoka nje. Hapo kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani yake, iwe kitovu kwa poti 51820 ya UDP, seva ya Kondele na kompyuta ya Kakamega zote ziungane nayo, kila moja ikiwa na PersistentKeepalive = 25 (ishara kila sekunde 25 ili njia isifungwe). Kwa kuwa Samba tayari inasimba yenyewe, hata anayemiliki kitovu hicho hatasoma faili zako zikipita.

Mwambie tu asifungue bango la megabaiti 200 moja kwa moja kupitia njia hiyo; alinakili kwake kwanza, alifanyie kazi, alirudishe. Tukiupa mtandao wa WireGuard anwani za 10.8.0.x, ongeza kanuni ya ufw kwa 10.8.0.0/24, na kwenye [kazi] uongeze 10.8.0. katika hosts allow. Kwenye [wateja] usiongeze.